Ukisema Umeshiba, Wanaamini

Wiki yangu ya kwanza Denmark nililala na njaa siku nne mfululizo, na chakula kilikuwa tele mezani.

Familia iliyonipokea hula saa kumi na mbili jioni. Si kumi na mbili na robo. Jioni ile ya kwanza palikuwa na viazi vya kuchemsha, sosi ya kahawia, matango yaliyolowekwa kwenye siki na sukari, na vinyama vya kusaga vilivyofinyangwa na kukaangwa kwa siagi, ambavyo wao huviita frikadeller. Kawaida huvipika kwa nguruwe. Kwa ajili yangu walitafuta kuku. Nikajipakulia viwili na kiazi kimoja, adabu za mgeni. Nilipomaliza, mama mwenye nyumba akaniuliza kama nitaongeza. "Hapana, asante, nimeshiba." Akasema, "Sawa," akalisogeza bakuli kwa mumewe.

Mimi mtoto wa Tanga. Kwetu "nimeshiba" ya kwanza ni kama hodi: umebisha, sasa unangoja kufunguliwa. Mwenyeji anatakiwa akuambie hujala kitu wewe, au mchuzi wangu haukukupendeza? Wewe ukatae tena, yeye achukue upawa akupakulie bila idhini yako, na hapo ndipo chakula chenyewe kinapoanza. Basi nikawa nimekaa, mikono mapajani, nangoja awamu ya pili. Bakuli likazunguka, likamfikia kijana wao wa miaka kumi na sita, akalifuta. Kila mmoja akamwambia aliyepika "tak for mad", yaani asante kwa chakula, wakaondoa vyombo.

Usiku nikafungua begi nikala kashata ambazo bibi yangu wa Tanga alinifungia niwapelekee wao. Siku ya nne kashata zikaisha.

Nieleze nilifikaje pale. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti 2023, nikiwa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma jiografia na mazingira. Nilipata ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, wa muhula mmoja katika Chuo Kikuu cha Aarhus, mji wa pili kwa ukubwa Denmark, chuo kilichoanzishwa mwaka 1928, majengo yake makuu ya matofali ya njano yamesambaa kwenye bustani yenye mabwawa ya bata. Muhula huo huanza na jua na kuisha Januari gizani, jambo ambalo kwenye fomu ya maombi halikuandikwa. Vyumba vya wanafunzi havikutosha. Mhadhiri wangu mmoja akamkumbuka mama wa Kidenmark aliyewahi kufanya kazi ya kujitolea Iringa. Mama huyo sasa ni bibi wa miaka sabini na ushee, na binti yake ana nyumba yenye chumba kitupu. Hivyo tu.

Majina yao nayaacha. Wenyewe walitaka niwaite kwa majina, matupu, bila Mama wala Baba mbele, hata yule bibi. Ulimi ulikataa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikitaka kumwita mtu nakohoa kidogo. Mwishowe tulipatana kwamba mama mwenye nyumba nitamwita Mama, kwa Kiswahili, na yeye akalipenda neno hilo. Hapa nitamwita Mama wa Aarhus, ili Mama wa Tanga asije akanuna.

Bibi alikuja Jumapili, siku yangu ya tano. Akaingia, akavua viatu, akafungua mikono miwili na kuniambia kwa sauti kubwa, "Shikamoo!"

Bibi mzima ananiamkia mimi! "Marahaba" ilinikwama kooni, nisingeweza kuitoa hata kwa kulipwa. Nikamrudishia shikamoo yake, naye akaitika, "Marahaba, ndugu." Ndugu! Kiswahili cha bibi yule kilisimama miaka ya 80. Alikisoma Usa River, nje kidogo ya Arusha, kwenye kituo cha shirika la Mellemfolkeligt Samvirke lililompeleka, na tangu arudi kwao hakuna aliyekigusa. Alijua kusema foleni ya sukari, sabuni ya mche, duka la kijiji. Alikuwa hajawahi kusikia neno "simu ya mkononi".

Tukala. Nikaulizwa kama nitaongeza, nikasema nimeshiba, bakuli likaanza safari yake. Bibi akaweka uma chini akamwambia binti yake maneno kwa Kidenmark. Baadaye nilielezwa alichosema: "Muulize mara tatu. Ya tatu ndiyo jibu."

Mama wa Aarhus akaniuliza mara ya pili. Nikakataa. Akauliza ya tatu. Nikachukua vinne.

Walicheka wote, nami nikacheka, machozi yakiwa karibu. Lakini tulipokuwa tunaosha vyombo Mama wa Aarhus aliniuliza swali lililonikaa muhula mzima. Hakuwa anatania. "Sasa ukisema hapana na unamaanisha hapana, mimi nitajuaje?"

Nilifungua mdomo nikakuta sina jibu. Kwetu unajua. Unamtazama mtu usoni, unajua kwao alikula nini mchana, unajua mama yake alimlea vipi. Yeye hakuwa na hata kimoja cha kumsaidia kunisoma. Alikuwa na neno langu tu, na neno lenyewe nilikuwa nalitumia kama pazia. Tukapatana: yeye atauliza mara moja, mimi nitajibu kweli. Kwenye chakula nililiweza sharti hilo ndani ya siku mbili, njaa ni mwalimu mkali. Kwenye mambo mengine lilinichukua hadi Novemba.

Kila mtu nyumbani mle alikuwa na siku yake ya kupika, hata binti mdogo wa miaka kumi na mmoja, ambaye kila Jumatatu alitulisha tambi. Nikaomba siku, nikapewa Alhamisi. Hapo ndipo nilipoanza kupumua. Nikapanda basi hadi Bazar Vest, soko la ndani lililoko magharibi ya mji, wenye maduka wengi wametoka Mashariki ya Kati, nikapata kuku wa halali, iliki, bizari nzima na tui la kopo. Pilau la kwanza liliungua chini kwa sababu ya jiko la umeme ambalo ukilizima bado linawaka. Ukoko wakaugombania. Baba mwenye nyumba akauliza kama ukoko unapikwa peke yake.

Baiskeli sikuwa na hofu nayo. Tanga ni mji wa baiskeli, nimepakiwa kwenye keria tangu chekechea. Wakanipa ya zamani, breki yake ya kukanyaga pedali kinyumenyume, na Aarhus ina vilima. Sitasimulia mteremko wa kwanza. Kilichonipendeza ni kwamba watu waliokuwa mbele yangu njiani walikuwa wakinyanyua mkono. Nami nikanyanyua wangu, nikatabasamu. Nikampigia Mama wa Tanga simu nikawasifia: watu hawa wakarimu, wanakusalimia hata wamekupa mgongo. Kijana wa nyumbani ndiye aliyenifahamisha kwamba mkono ule maana yake "nasimama", na kwamba wiki nzima waliokuwa nyuma yangu walikuwa wanafunga breki bure.

Halafu jua likaanza kwenda.

Saa za Kiswahili zimefungwa kwenye jua la ikweta. Saa moja asubuhi kumekucha, saa kumi na mbili jioni jua linatua, mtu anaweza kuishi miaka bila kutazama saa ya ukutani. Tarehe 29 Oktoba wakarudisha saa zao nyuma kwa saa moja, desturi yao ya kila majira ya baridi, na tangu siku hiyo mimi na saa zangu tukaachana. Katikati ya Desemba jua la Aarhus lilikuwa likichomoza karibu saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, na kuzama saa tisa na dakika arobaini. Yaani ile "saa tatu asubuhi", ambayo Tanga mtu ameshafagia uwanja, amekunywa chai na ameshagombana na mtu, huko ndiyo kwanza jua linachungulia. "Saa kumi jioni" ni usiku wenye mataa. Nikawa nasema saa kwa Kiingereza hata nikiongea na ndugu zangu, maana maneno yetu yalikataa kukaa juu ya giza lile.

Sala nazo zilibanana. Adhuhuri saa sita na dakika ishirini, alasiri saa saba na nusu, magharibi saa tisa na dakika arobaini: ukiingia kwenye kipindi cha saa mbili umeshapitwa na moja. Nilipata kona nyuma ya rafu za maktaba, nikaweka shali yangu ya akiba pale kama msala. Upande wa faida, nilikuwa na deni la siku saba za Ramadhani. Nikazilipa Desemba. Kula daku kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kufuturu saa tisa na dakika arobaini mchana. Saumu ya saa tisa na kitu. Kwa kuwa wakati huo Tanga ni saa kumi na moja na dakika arobaini, mimi nilikuwa natia tende mdomoni huku Mama akianua nguo juani. "Hiyo ni saumu," akaniuliza, "au umechelewa chai?"

Nayasema haya kwa kucheka sasa. Novemba sikucheka. Novemba haina theluji wala sikukuu. Ina mvua nyembamba isiyonyesha wala kukatika, na mbingu ya rangi ya maji ya kufulia. Nikaanza kulala saa kumi, saa kumi na moja kwa siku, na kuamka nimechoka. Chumba kilikuwa baridi. Nilikuwa nalala na koti. Ukutani palikuwa na hita yenye kifundo kilichoandikwa 1 hadi 5, kimewekwa 2, na mimi niliona si adabu mgeni kugusa moto wa watu, hasa nilipowasikia mezani wakizungumzia bei ya kupasha nyumba joto.

Kila asubuhi Mama wa Aarhus aliniuliza kama niko sawa. Nami nikajibu niko sawa. Ningejibu nini? Salamu zetu zenyewe zinakuja na jibu tayari. Hujambo, sijambo. Habari za nyumbani, nzuri. Mtu mwenye homa ya nyuzi arobaini atakuambia nzuri kwanza, halafu ndipo aseme "ila". Nimemsikia jirani yetu akiulizwa habari za asubuhi na akijibu, "Nzuri tu, isipokuwa baba amefariki usiku." Sisi tunaisubiri ile "ila". Yeye hakujua kama kuna kitu cha kusubiri. Aliridhika na "nzuri", akaenda zake kazini.

Jioni moja, nadhani wiki ya tatu ya Novemba, alinikuta jikoni nimesimama nikitazama dirisha ambalo lilikuwa jeusi kabisa. Akaniuliza, "Uko sawa?" Nikasema niko sawa. Alikuwa ameshageuka aondoke, akasimama mlangoni.

"Hiyo," akasema, "ni ya mara ya ngapi?"

Mwenzangu, nililia. Nililia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, kwa Kiswahili na Kiingereza, nikamwambia nasikia baridi, nimekumbuka nyumbani, sijui kama siku imeanza au imeisha, nalala na koti. Aliposikia la koti akashika kichwa. Akapanda juu nami, akakishika kile kifundo, akakizungusha hadi 4. Ndiyo hivyo. Sekunde moja. "Wiki ngapi?" akauliza. Nikamwambia nne. Hakunikumbatia wala kunibembeleza; alikaa kitandani kimya, na nikaona amekasirika kidogo. Baadaye nilielewa kwamba kwake nilikuwa nimemfanya mwenyeji mbaya bila yeye kujua, nimemnyima nafasi ya kunitendea wema. Mimi nilidhani namwonea huruma.

Kuanzia kesho yake mezani kukawa na kichupa cha vitamini D. Mamlaka ya afya ya huko huwashauri watu wenye ngozi nyeusi waimeze. Na akaniwekea amri: saa sita mchana, mvua isinyeshe au inyeshe, nitoke nje nusu saa, kwa kuwa hata mwanga wa mawingu ni mwanga. Nikatii. Ndipo nilipoona vichanga wamelazwa nje ya mikahawa ndani ya vigari vyao, pua zimekuwa nyekundu, wazazi wako ndani wanakunywa kahawa. Hata majumbani mwao watoto wachanga husinzia nje, barazani, kwenye baridi. Nilimtumia Mama wa Tanga picha ya kigari kimoja. Akanirudishia sauti: "Hao hawana bibi?"

Desemba iliingia na moto. Kila nyumba ina mshumaa mrefu wenye alama 1 hadi 24, na kila siku unauwasha mpaka uishie kwenye tarehe ya siku hiyo. Binti mdogo ndiye aliyekuwa mlinzi wa mshumaa wetu, na mara mbili tulisahau kuuzima tukala kesho yetu yote. Madirishani mishumaa, mezani mishumaa, na mkesha wa Krismasi wakaiwasha kwenye mti wenyewe, mti wa kweli, ndani ya nyumba ya mbao, ndoo ya maji ikiwa pembeni. Nilikaa karibu na ndoo.

Niliwaambia mapema mimi Mwislamu, nitakaa nao na nitakula ninachoweza. Wakala bata na nguruwe wa kuoka, mimi wakanipikia samaki. Viazi vilivyoviringishwa kwenye sukari iliyoungua tulikula wote. Kisha kikaja kitu kinachoitwa risalamande. Ni wali. Wali wa maziwa, umepoa, umechanganywa na krimu iliyopigwa na lozi zilizokatwakatwa, juu unamwagiwa mchuzi wa cheri wa moto. Mtu wa pwani kumpa wali wa baridi na mtamu ni kumpima imani. Nikala kwa heshima, na mbele ya bakuli nikauma lozi nzima, nikaitafuna, nikameza.

Baada ya muda nikaona hawaachi kula. Wameshashiba, naona wameshashiba, na bado wanajipakulia. Kijana amelegeza mkanda. Bibi anapumua kwa shida. Wanatazamana mashavu. Mimi nikafikiri labda hapa, siku hii moja ya mwaka, nao wanalazimishana kula kama sisi, nikafurahi nikaongeza.

Bakuli lilipokuwa jeupe wakaanza kuulizana kwa wasiwasi. Kumbe kwenye bakuli zima huwekwa lozi moja tu isiyokatwa. Anayeipata huificha shavuni, wenzake waendelee kula bila kujua, mpaka mwisho aitoe apewe zawadi. Walikuwa wameyaeleza yote haya kabla ya kuanza, kwa Kidenmark, na mimi nilikuwa nimetikisa kichwa kama ninayeelewa.

Nilikaa dakika moja na siri yangu tumboni. Mimi wa Agosti ningekaa nayo hadi leo. "Nimeila," nikasema. "Ile lozi. Niliimeza zamani." Kimya, kisha Baba akaweka kichwa mezani akacheka mpaka mishumaa ikatikisika. Zawadi nilipewa: glovu. Halafu tukashikana mikono tukauzunguka mti huku wakiimba, na Bibi, kwa sababu zake mwenyewe, akanong'ona, "Pole pole, ndugu, umeshiba."

Tarehe 31 Desemba, saa kumi na mbili jioni, nchi nzima iliwasha televisheni kumsikiliza malkia, kama ilivyokuwa desturi. Nilidhani ni jambo la wazee, lakini hata kijana aliweka simu mbali. Malkia Margrethe alikuwa na miaka 83. Akazungumza juu ya vita, juu ya hali ya hewa, juu ya upasuaji wa mgongo aliofanyiwa Februari. Mama wa Aarhus alikuwa ananitafsiria nusu nusu. Ghafla akaacha kutafsiri. Nikatazama nyuso zao nikadhani kuna msiba. Malkia alikuwa ametangaza kwamba tarehe 14 Januari, miaka 52 kamili tangu arithi kiti cha baba yake, atakiacha, amwachie mwanawe Frederik. Huko wafalme walizoea kufia kitini. Wa mwisho kabla yake kuondoka kwa hiari aliishi karibu miaka 900 nyuma.

Baba akasema "Nå." Neno hili hulitumia kwa kila kitu, kama "haya" yetu: haya njoo, haya basi, haya yamekwisha. Aliisema ya mwisho.

Bibi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Akanigeukia, akitafuta neno katika Kiswahili chake cha miaka arobaini iliyopita, na akalipata. "Ameng'atuka," akasema. "Kama Mwalimu."

Mwili ulinisisimka. Alikuwa bado Iringa mwaka 1985 Nyerere alipong'atuka, akasikia redioni pamoja na majirani zake, na mmoja wao, akasema, alimuuliza kama mtu anaweza kweli kuiacha nchi akabaki hai. Mezani pale, katika watu sita, tulikuwa wawili tu tuliokuwa na neno la jambo lile. Usiku wa manane wakapanda wote juu ya makochi na viti, na kengele zilipogonga kwenye televisheni tukaruka chini pamoja kuingia 2024. Bibi alirukia kutoka kwenye kigoda.

Theluji ya kweli ikaja siku tatu baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Januari magari mengi yalikwama usiku kucha kwenye barabara kuu ya E45 kaskazini ya Aarhus, watu wamelala ndani yake. Asubuhi dirisha langu lilikuwa limezibwa nusu. Sheria inamtaka mwenye nyumba asafishe njia ya miguu mbele ya kiwanja chake kuanzia saa moja asubuhi, na saa moja hiyo, gizani, Baba alinigongea akaniletea koleo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi jembe langu lilichukua miezi minne kufika, na lilikuwa la plastiki. Nikatupa theluji saa nzima. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba kutokwa jasho.

Mtihani wangu ulikuwa wiki ya mfalme mpya. Huko mitihani mingi ni ya mdomo: unaingia peke yako, mwalimu wako na mtahini wa nje wamekaa, kuna jagi la maji. Alama zao zinaanzia hasi tatu, wallahi, hasi, kisha 00, 02, 4, 7, 10, hadi 12. Nilieleza vizuri nilichosoma juu ya mmomonyoko wa fukwe. Kisha mwalimu, ambaye muhula mzima nilitakiwa kumwita kwa jina lake la kwanza na sikuwahi kumwita chochote, akauliza: waandishi hawa wawili wanapingana, wewe unaona nani amekosea? Nikaanza kusema mimi ni mwanafunzi tu. Nikaona uso wake umeanza kuandika hilo kama jibu. Nikasimama, nikanywa maji, nikasema aliyekosea ni wa pili, kwa sababu hajawahi kuona ufuko ambao watu wanachota mchanga wa kujengea, na mimi nimeuona, na nikaeleza.

Wakanitoa nje, wakanirudisha baada ya dakika tano. Saba. Mtahini akaniuliza kama nimeridhika. "Hapana," nikasema, "nilitarajia kumi." Sijui nani alishangaa zaidi, lakini wakavuta viti wakanionyesha kwa robo saa nilipopungukiwa, na nusu ya hayo waliyosema yamo kwenye tasnifu yangu leo.

Niliondoka mwisho wa Januari. Wote walikuja stesheni, Bibi na fimbo yake ya kutembelea barafuni. Treni inakwenda moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Copenhagen, saa tatu na kitu, na ilikuwa imeshasimama. Nilikuwa nimewaonya: kwa Mama yangu hapana moja haitoshi, wala mbili, msije mkadhani anawasikiliza. Nikamshika mikono Mama wa Aarhus nikamwambia kile tunachomwambia mtu stesheni.

"Karibuni Tanga. Wakati wowote."

Akatoa simu, akafungua kalenda.

"Lini?"

Nikacheka, yeye hakucheka, dole gumba liko juu ya kioo linangoja. Nikafikiri upesi. Machi Ramadhani, Aprili na Mei masika, njia zetu hazipitiki. "Julai," nikasema. Julai gani? Wao huhesabu mwaka kwa wiki, kila wiki na namba yake. Akapandisha kioo, akashauriana na Baba kwa maneno mawili. "Wiki ya 28," akasema, akaandika. Mlango wa treni ukaanza kulia.

Nilipokaa kitini nikamtumia Mama sauti, kwamba wenyeji wangu wanakuja, watu watano pamoja na bibi, wiki ya 28. Treni ilikuwa haijatoka mjini alipojibu.

"Wiki ya 28 ndiyo lini? Waambie waje tu."